Dolari moja na nusu kwa maisha ya mlinzi

Vijana wenzetu wa Butembo na Beni,

Saa nne ya usiku ikipita, mwenye duka amefunga, mwenye pikipiki amerudi nyumbani, na mji unabaki mikononi mwa sentinele. Mko naye mbele ya madepo ya Rue d'Ambiance, mbele ya banki, mbele ya farmasi, kwenye lango la shule na la parokia, kwenye biro za mashirika kule Beni. Ana tochi, firimbi na fimbo. Bunduki hana, juu walinzi wa kampuni hawabebi bunduki: mteja akiitaka, anaongezewa polisi. Mtu wa kwanza kukutana na mwizi, na katika mji wetu siyo mwizi peke yake, ni mtu mwenye tochi.

Wengi wetu tunamjua huyu mtu vizuri. Tulisoma naye. Tulikaa naye kwenye banki moja ya oditoriamu, tukatetea kazi zetu za mwisho, wazazi wakauza mbuzi ili tununue suti ya siku ile. Kisha tukatafuta kazi miaka, na kazi iliyokubali kutupokea ilikuwa ya kulinda. Kwa hiyo tunapoandika juu ya walinzi, tunaandika juu yetu wenyewe, wale waliopata ile kazi na wale wanaoingoja.

Leo tunaandika juu ya asiransi. Tunajua hilo neno halipendezi. Kwetu asiransi ni ile karatasi ya SONAS ambayo polisi wa barabara anaomba, na kama hauna, unatoa kitu. Lakini vumilieni kidogo, juu hapa njo tunaona namna gani mtu anaweza kulinda mali ya dolari elfu makumi na yeye mwenyewe asilindwe na kitu.

Tunajua kisa kimoja. Hatutaja kampuni wala mteja, juu mwenyewe alituomba hivyo, na pia juu kisa chake ni cha wengi. Kijana, mwenye diplome kama sisi, alikuwa analinda depo. Usiku watu walikuja na panga. Alipiga firimbi, akakatwa mkono wa kuume mara mbili, wakavunja kufuli, wakachukua makartoni. Asubuhi mteja alisema: "Miye niko na kontra na kampuni, hapana na wewe." Kampuni ilisema: "Enda kwanza kwa lopitali, tutaona." Lopitali ilidai makuta mbele ya kushona. Ni MUSO ya walinzi wenzake njo ilifungua sanduku, kila mmoja akiongeza alichokuwa nacho. Mwisho wa mwezi, alipofika kuchukua mshahara, alikuta umekatwa: sehemu ya makartoni yaliyoibiwa.

Someni tena ile ya mwisho. Alikatwa na panga, kisha akakatwa mshahara.

Usiku ule hasara mbili zilitokea: mkono wa mtu na mali ya mtu. Kila moja ina asiransi yake, na kila moja ina mtu wa kuilipia. Tuzipitie moja moja.

Mkono wa mlinzi

Ajali ya kazi katika inchi yetu ni jambo la CNSS, ile iliyochukua nafasi ya INSS. Sheria yake ni namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Kila mwajiri anapaswa kuandikisha wafanyakazi wake na kulipa kila mwezi. Hesabu iko hivi: mwajiri analipa 13 kwa 100 ya mshahara, mfanyakazi anakatwa 5 kwa 100. Katika zile 13 za mwajiri, 6,5 ni za posho za familia, 5 ni za pansheni, na 1,5 ni za hatari za kazi, maana yake ajali na magonjwa ya kazi.

Tufanye mfano. Mlinzi anayelipwa dolari 100 kwa mwezi: sehemu inayolinda mwili wake akiwa kazini ni dolari moja na nusu. Ni bei ya megabaiti za siku chache. Kwa ile dolari moja na nusu, mlinzi akiumizwa kazini anapaswa kutunzwa, kupata posho ya siku ambazo hawezi kutumika, kupata malipo ya kudumu kama amebaki kilema. Akifa, mjane na yatima wanapaswa kulipwa, na mazishi kusaidiwa.

Na kuna kitu kingine kikubwa zaidi. Kwa sheria hii, ajali ya kazi ni ile inayompata mfanyakazi kwa sababu ya kazi ao wakati wa kazi, chanzo kiwe chochote. Mkumbuke hayo maneno, "chanzo kiwe chochote". Tutayarudilia mbele kidogo.

Hatutaki kudanganya mtu: kampuni haiwezi kuchagua kulipa ile 1,5 peke yake. Inapaswa kulipa zote 13. Kampuni yenye walinzi 50 wa dolari 100 inapaswa kutoa dolari 650 kila mwezi, na kupeleka tena dolari 250 zilizokatwa kwa walinzi. Kwa kampuni ndogo ya Butembo hiyo siyo makuta kidogo. Lakini katika zile 650, za ajali ni 75. Dolari 75 kwa watu 50 wanaolala nje usiku wote. Nani atatuambia kwamba hiyo ni mingi?

Kisha kuna wale wanaokata 5 kwa 100 kwenye mshahara wa mlinzi na hawapeleki popote. Mlinzi anaona kwenye karatasi yake "CNSS", anafikiri ana kinga. Siku ya ajali anaenda kwenye biro ya CNSS, jina lake haliko. Tuite hiyo kitu kwa jina lake: ni wizi, na unafanywa na kampuni ambayo kazi yake ni kuzuia wizi.

Mali ya mteja

Sasa tuje kwenye makartoni. Kampuni ya ulinzi inapoweka mtu kwenye lango lako, inachukua jukumu. Kama mali imepotea juu ya kosa lake, ao mlinzi wake ameumiza mtu anayepita, ao yeye mwenyewe ameshirikiana na wezi, kampuni inaweza kulazimishwa kulipa. Kwa hiyo makampuni ya ulinzi dunia nzima yananunua asiransi ya kulipia wengine hasara, ile maajenti wanaita RC. Mwenye asiransi anauliza maswali mbele ya kutaja bei: muko na walinzi wangapi, mishahara yote pamoja ni ngapi, munalinda nini, munabeba makuta ya banki ao hapana, muko na mbwa na magari, mulifundisha watu wenu siku ngapi, miaka iliyopita munaibiwa mara ngapi. Kampuni inayofundisha watu wake na kuandika kila tukio inalipa bei nzuri. Ile inayookota mtu barabarani asubuhi na kumpa kofia jioni inalipa bei kali, ao inakataliwa.

Kwa miaka mingi kampuni ingeweza kujitetea: SONAS peke yake njo ilikuwa inauza, toka serkali ilipoianzisha mwaka 1966. Leo hiyo sababu imekufa. Kodi ya asiransi, sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, ilifungua soko. ARCA iliundwa ili kusimamia, na toka 2019 makampuni ya watu binafsi kama Activa, Rawsur na SFA Congo yalipata ruhusa ya kutumika. Mtu anaweza kuomba bei pande tatu, nne, na kulinganisha, kama vile mama analinganisha bei ya maharagi kwenye soko la Kilokwa.

Lakini kwetu kampuni nyingi hazifanyi vile. Zimepata njia rahisi zaidi: mali ikipotea, mlinzi anakatwa mshahara, ao anapelekwa kwenye kasho mpaka familia ilete makuta. Maana yake, ile RC ambayo kampuni ilikataa kununua, mlinzi njo anailipa. Anailipa na mshahara wake, na uhuru wake, na shamba la baba yake. Sentinele wa Butembo na Beni halindi tu depo. Yeye mwenyewe njo amefanywa asiransi ya depo.

Hatusemi kama kila mlinzi ni malaika. Mlinzi aliyeiba ashitakiwe, ajibu mbele ya tribinali. Lakini kuamua kosa siyo kazi ya mkubwa wa kampuni mwenye kalamu siku ya malipo.

Ile mistari midogo: vita

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo ni letu zaidi ya la Kinshasa ao la Lubumbashi.

Karibu kila kontra ya asiransi ya kawaida ina ukurasa unaosema vitu ambavyo haitalipia. Kwenye ule ukurasa, mara nyingi mutakuta vita, vita vya wenyewe kwa wenyewe, maasi na fujo za watu. Mtu wa London anasoma huo ukurasa na kupita. Mtu wa Beni akiusoma, anapaswa kusimama.

Tuhesabu tu yale kila mmoja wetu anakumbuka. Toka Oktoba 2014 mauaji hayajaacha eneo la Beni. Wakati wa Ebola, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, siku tatu kati ya kimoja na kingine. Oktoba 2020, gereza ya Kangbayi kule Beni ilivunjwa, wafungwa zaidi ya elfu moja wakatoka. Agosti 2022, ilikuwa zamu ya Kakwangura hapa Butembo. Mbele ya hiyo, Julai 2022, kulikuwa maandamano dhidi ya MONUSCO na watu wakafa. Toka Mei 2021 tunaishi chini ya hali ya dharura, état de siège. Toka M23 ichukue Goma Januari 2025, hata uongozi wa jimbo umehamia Beni, na mizigo, watu na makuta vimesongamana kwetu.

Sasa muulize: mlinzi wa biro ya shirika kule Beni akiuawa usiku na watu wenye silaha, hiyo ni wizi ao ni vita? Mlinzi wa depo akipigwa mawe siku ya ville morte, hiyo ni ajali ao ni fujo? Kama kampuni ilinunua asiransi ya bei ya chini bila kusoma, jibu linajulikana mbele ya maziko. Mwenye asiransi atasema "vita", atafunga kitabu.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni ile tuliyotaja: CNSS, ambayo kwa ajali ya kazi haiangalii chanzo. Njo maana tunasema CNSS ni ya kwanza, asiransi ingine inafuata. Ya pili ni kununua kinga ya vurugu za kisiasa, ambayo inauzwa kando na kwa bei ya juu. Ipo: ATIDI, shirika la Afrika lenye makao Nairobi, ambalo Kongo ni mwanachama, linatumika katika soko hilo. Hiyo siyo ya kampuni ya walinzi ishirini. Lakini banki na mashirika makubwa yanayotumika Beni yanajua mlango wake, na mengi yananunua kinga za namna hiyo kwa wafanyakazi wao wa kigeni. Tunauliza tu: yule wa langoni, mbona haingii kwenye ile orodha?

Wenzetu wa ngambo ya mpaka

Wafanyabiashara wetu wanapita Kasindi kila juma kwenda Kampala, wengine wanafika Mombasa. Wanaleta mizigo. Wangeleta na desturi moja. Uganda, sheria ya malipo ya wafanyakazi inasema mfanyakazi akifa kazini na kuacha watu aliokuwa anawalisha, malipo ni mishahara ya miezi 60. Kenya, sheria ya 2007 inasema miezi 96. Na katika zote mbili mwajiri anapaswa kununua asiransi ya hiyo kitu, haingojei huruma yake. Kwa mlinzi wa dolari 100, hiyo ni dolari 6.000 pande moja, dolari 9.600 pande ingine. Hatusemi kama kule kila mjane analipwa bila kuhangaika. Tunasema mjane wa kule anajua namba ya kudai. Wa kwetu anapewa jeneza, gunia la mchele na hotuba.

Nani anashikilia bei

Tulizungumza na walinzi, na tulizungumza pia na wakubwa wa kampuni. Mkubwa mmoja alituambia ukweli wake: "Nikiweka CNSS na RC kwenye bei, mteja anaenda kwa jirani yangu ambaye haiweki." Hatuwezi kumcheka. Soko la ulinzi kwetu linashindana kwa kushusha bei, na kitu cha kwanza kutupwa nje ni kinga ya mlinzi, juu hailii na haionekani. Mlinzi mwenye kinga na mlinzi bila kinga wanavaa kofia moja.

Kwa hiyo mwenye ufunguo ni mteja. Banki, shirika la kigeni, tajiri wa Butembo mwenye depo nne, parokia, chuo kikuu, biro ya serkali: hawa njo wanaweka saini. Shirika linaloandika kwenye kuta zake "haki za binadamu" na linachagua kampuni ya bei ya chini kuliko zote bila kuomba karatasi moja ya CNSS, linajua linachofanya. Na tajiri anayesema "kontra yangu ni na kampuni" anajua pia nani alikatwa panga mbele ya mlango wake.

Kuna wengine watatuambia: mukisukuma sana, kampuni zitafunga, vijana watapoteza hata ile kazi kidogo. Tumefikiri juu ya hilo, juu ni kazi yetu wenyewe. Lakini depo haitabaki bila mlinzi eti bei imeongezeka dolari 13 kwa mtu. Tajiri analala vizuri juu ya mlinzi. Hiyo usingizi ina bei, na mpaka leo inalipwa na mtu mwingine.

Tunachodai

1. Kwa wateja wote, kuanzia mashirika na banki: mbele ya kuweka saini ao kurudilia kontra, muombe kampuni karatasi ya CNSS ya mwezi uliopita yenye majina ya walinzi wanaosimama kwenu, na kontra ya RC yenye tarehe ambayo haijapita. Muisome mpaka ukurasa wa vitu visivyolipwa. Bei iongezeke kwa kipimo hicho.

2. Kwa makampuni ya ulinzi: muandikishe watu wote, hata wale munaita "wa majaribio". Muache kukata mshahara juu ya mali iliyopotea. Mukae pamoja, mukubaliane bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake, juu bila hiyo mutaendelea kulana.

3. Kwa CNSS na Inspeksyo ya kazi: mutoke biro usiku mmoja tu. Mupite kwenye malango ya Butembo na Beni, muulize kila mlinzi namba yake. Mutajua kila kitu mbele ya jua kutoka.

4. Kwa uongozi wa jimbo uliopo Beni na kwa mameya: malango yenu pia yana walinzi. Muanze na hao.

5. Kwa walinzi wenyewe: muombe namba yenu ya CNSS kwa maandishi. Muhifadhi karatasi za mshahara, hata picha kwenye simu. Siku ya ajali, mwenzako aandike saa, fasi, majina ya waliona, na mpeleke taarifa siku hiyo hiyo, hata kama mkubwa anasema "tutaona". MUSO zenu ziendelee, ni kitu kizuri. Lakini MUSO ni mkono wa ndugu. Haipaswi kuchukua mzigo wa mwajiri.

6. Kwa wewe unayesoma hapa, uliyekaa nyumbani na diplome yako: leo ukirudi jioni, salimia sentinele wa kwanza utakayekutana naye na umuulize swali moja, "Kaka, uko na namba ya CNSS?" Akisema hapana, utuandikie fasi gani, bila jina lake. Tutakusanya hizo fasi zote na kuzipeleka kwenye biro ya CNSS, mkononi, mchana, kwa amani, kama tunavyofanya siku zote.

Yule kijana wa depo, mkono umepona nusu. Vidole viwili havifungi. Bado analinda, juu hajapata kazi ingine, na sasa anashika tochi na mkono wa kushoto. Tulimuuliza kama kampuni ilimwandikisha kisha. Alitabasamu, akasema: "Bado banatafuta dosiye yangu."

Sisi vijana wa Butembo na Beni tunasaidia kuitafuta.